Nyongeza Katika Maji ya Bahari

Bahari sijawahi kuiona. Naanza na hilo ili mtu asinisubirie mwishoni kuniuliza. Nimeyatengeneza maji yake, lita baada ya lita, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama Arua Hill, na kila chupa nimeipima mara mbili. Najua uzito wake, joto lake, na jinsi yanavyoupokea umeme. Watu waliozaliwa pwani wanaogelea ndani yake na hawajui hata moja katika hayo matatu. Tuko sare.

Kazi yenyewe ni hii. Huko juu zipo setilaiti zinazoizunguka dunia zikiisikiliza bahari. Maji, kama kitu chochote chenye joto, hutoa mawimbi hafifu ya redio, na maji yenye chumvi nyingi huyatoa tofauti kidogo na maji yenye chumvi haba. Setilaiti inasikia, lakini haielewi inachosikia mpaka ipewe jedwali linalosema: maji ya chumvi kiasi hiki, katika joto hili, huushika umeme kiasi hiki na kuumeza kiasi kile. Jedwali hilo halipatikani angani. Linapatikana mezani, kwa mtu aliyekaa na mizani, kipimajoto na chupa nyingi. Hapo ndipo nilipopata mkate wangu.

Daktari wetu ni wa vitabu, si wa sindano. Kwao ni Kuluva, na kwa kuwa Kuluva kuna hospitali, akisema tu kwamba ni daktari na anatoka huko, watu humwonyesha vidonda. Alisoma ng'ambo akarudi na mashine moja na mapatano. Maabara kadhaa, kila moja katika nchi yake, zingepima maji ya namna ileile bila kuchunguliana. Zile ambazo namba zao zingekubaliana zingeingia katika jedwali la pamoja, kila maabara mstari wake. Wenzake walimuuliza Arua, mji wa bara usio na pwani, ina nini na bahari. Akawajibu kwamba pwani hewa yenyewe ina chumvi, inaingia mpaka kwenye vikombe vya maabara. "Kwetu hewa ina vumbi tu," aliwaandikia, "na vumbi linaonekana."

Mimi aliniajiri kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa maabara, niliyoipata nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuuza chumvi na mama yangu soko la Koboko. Siku ya mahojiano alimwaga chumvi kidogo kwenye sahani akaniuliza inaweza kuwa gramu ngapi. Nikasema mia moja na ishirini. Mizani ikasema mia moja na ishirini na moja. Nikamshauri aikague mizani yake.

Nyumbani kwetu Kiswahili kiliingia na baba, ambaye alikuwa askari. Ni Kiswahili cha kambi, kilichovaa buti, kisichopoteza muda. Hiki ninachoandikia nilikiongeza baadaye shuleni. Kwa hiyo watu wangu hapa wataongea kama wanavyoongea, na mimi nitaandika kama nilivyofundishwa.

Maji ya bahari si maji na chumvi ya jikoni. Ni chumvi za aina kadhaa, kila moja na kiasi chake, na ile ya kawaida ndiyo nyingi kuliko zote. Nilimwambia daktari kwamba ile ya kawaida naweza kumletea gunia zima kutoka kwa mama. Akasema ya mama ina madini joto na unga wa kuizuia isigande; sisi tunataka safi. Safi ilikuja katika chupa nyeupe zilizofungwa, bei yake sitaitaja kwa kuwa mama anaweza kusomewa habari hii.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi. Napima zile chumvi ndogondogo kwanza, ya kawaida mwisho. Naweka kisahani juu ya mizani, natia chumvi kwa kijiko kidogo, nasoma namba, naandika. Nasoma tena, naandika tena pembeni. Namimina ndani ya chupa yenye maji safi niliyokwisha kuyapima, nafunga, natikisa. Chupa inakaa ndani ya beseni la maji yenye joto lililopangwa mpaka joto la ndani na la nje yalingane. Halafu inashushwa fimbo ya chuma yenye ncha bapa iliyoungwa na mashine kwa waya mnene. Kabla ya kubonyeza chochote nainama kutazama ncha. Kiputo kimoja cha hewa kikikaa pale, mashine inapima kiputo na kukupa jibu kwa heshima zote.

Umeme wa Arua una safari zake. Ukikatika, beseni la baridi linaanza kupata joto, na ilinibidi nitoke mbio kwenda kwa wauza samaki kutafuta barafu. Barafu ndiyo bidhaa pekee ambayo mnunuzi akinyamaza bei inashuka yenyewe. Nilikuwa nasimama pale mikono nyuma, naitazama inavyotiririka, mpaka mwenyewe aseme, "Mama, chukua basi, chukua." Daktari hakuwahi kuelewa kwa nini nachelewa na kwa nini barafu inakuwa nyingi.

Tulimaliza duru ya kwanza tukatuma namba. Jibu lilirudi baada ya siku chache, la adabu, fupi. Namba zetu zilikaa juu ya za wengine wote. Hazikutawanyika kama za mtu mzembe, zilipanda tu, kana kwamba bahari ya Arua ni kali kuliko bahari nyingine. Waliomba duru ya pili ifike kabla ya mwezi kwisha. Isipofika, au ikifika na kasoro ileile, jedwali litafungwa bila mstari wetu.

Daktari alisoma barua ile akaiweka mezani akainyoosha kwa kiganja, ingawa haikuwa na kunyanzi. Mashine ilikuwa ya kuazima. Bila mstari, ingerudishwa. Hakusema hivyo, lakini nilijua, na nilijua pia kwamba katika chumba kile namba zote zilianzia kwenye mizani, na mizani ilikuwa yangu.

Tukaanza kukagua. Mizani tuliipa mawe yake ya uzito, ikasema kweli. Kipimajoto tukakitia ndani ya barafu ya wauza samaki, kikasema kweli. Tulikuwa na mita ndogo ya kupimia jinsi umeme unavyopita majini, ambayo inakupa chumvi kwa haraka. Daktari aliitumbukiza katika maji halisi ya bahari tuliyotumiwa, chupa yake ikiwa imefungwa na kiasi chake kimeandikwa. Ikasema kweli. Halafu akaitumbukiza katika maji yangu. Ikasema yana chumvi kuliko nilivyoandika.

"Kwa hiyo mizani iko sawa na mita iko sawa," daktari akasema.

"Iko sawa."

"Na maji hayako sawa."

Nikachukua daftari nikahesabu, kisha nikahesabu tena. Ziada haikuwa ikikua na ukali wa maji. Chupa iliyotakiwa kuwa na chumvi kidogo na chupa iliyotakiwa kuwa na chumvi nyingi, zote zilizidi kiasi karibu kilekile, chini ya nusu gramu kila moja. Nikaenda kwenye kabati nikaipima chupa nyeupe ya chumvi. Ilikuwa imepungua kuliko jumla ya yote niliyoandika. Mimi nimewahi kuona wizi wa kila namna sokoni, lakini mwizi anayetoa chumvi kwenye chupa moja na kuitia kwenye nyingine, tena kwa usawa, huyo sijawahi kumwona.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mzee wa stoo, kwa sababu alikuwa karibu. Nilimkuta mlangoni kwake amekaa kwenye kiti chake.

"Mzee, chumvi ya kabati imepungua."

"Chumvi imepungua." Alirudia polepole, kama mtu anayeonja. "Wewe nafikiri mimi nabeba chumvi ya daktari naenda kutia kwa mboga ya sombe."

"Sijasema hivyo."

"Umesema na macho. Sikia, mama. Kwangu chumvi iko. Mama watoto akionja hii yenu ya chupa atanifukuza. Na tena, mimi niko na funguo ya mlango. Ya kabati iko kwa nani?"

Ya kabati ilikuwa shingoni mwangu, imefungwa kwa uzi.

"Basi mwizi ni wewe," akasema. "Kamata mutu yako, ulete hapa, mimi nitaandika jina."

Niliondoka nikiwa nimekasirika, zaidi kwa sababu hesabu yake ilikuwa nzuri.

Jumamosi nikapanda kwenda Koboko. Nikikwama, huwa naenda kukaa nyuma ya mama sokoni. Hanishauri, ila ananipa kitu cha kutafuna nifunge mdomo. Gunia lilikuwa wazi, limekunjwa shingo, na kopo lake la miaka yote limelala juu ya chumvi. Akaja mteja, mwanamke kutoka upande wa Lurujo, na mfuko wa nailoni.

"Kopo yako imeingia ndani huku chini," mteja akasema. "Inakula chumvi yetu."

"Iko hivyo tangu wewe tumboni kwa mama yako. Unataka ngapi?"

"Mbili. Lakini upime ya mutu, si ya ndege."

Mama akachota, akapara kwa kiganja mpaka chumvi ikawa sawa na mdomo wa kopo, akamimina. Akachota ya pili, akapara, akamimina. Wakati huohuo alikuwa ameshamgeukia kijana wa pikipiki aliyeegesha karibu na gunia, anamwambia atoe moshi wake pale. Na mkono wake wa kulia, peke yake, ukarudi ndani ya gunia, vidole vitatu vikabana chumvi kidogo, vikaidondosha ndani ya mfuko wa mteja.

Nimeliona jambo hilo tangu sijajua kutembea. Siku ile nililiona.

"Mama, umemwongezea."

"Nani?"

"Huyu."

"Mimi hapana ongeza kitu. Chumvi imepanda bei, naongeza na nini?"

"Ameongeza," mteja akasema, akiufunga mfuko wake. "Asipoongeza, mimi narudi hapa kutafuta nini? Kopo yenyewe imebonyea."

Mama akaapa. Aliapa kwa kaburi la baba, na mama yangu hachezi na kaburi lile. Hakuwa anadanganya. Mkono wake ulikuwa umefanya kitu yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Kwetu muuzaji asiyeongeza ni mtu mbaya, hata kopo lake likiwa la haki. Kipimo ni cha bei. Nyongeza ni ya uso wa mteja. Na nyongeza haihesabiwi. Ukiihesabu si nyongeza tena, ni bei. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, ninayehesabu chenji ya padri, hilo ndilo jambo pekee maishani nililofundishwa nisilihesabu.

Nikamwambia mama anipishe. "Kaa hapa. Usitazame mdomo wangu, tazama mkono."

Niliuzia wateja watatu. Nilijua nachunguzwa, nilijua nachunguzwa kwa kitu gani, na bado.

"Wa kwanza umetia," mama akasema. "Wa pili umetia. Wa tatu umetia, na yule hata hajatusalimia."

Jumatatu niliwahi kufika kuliko mzee wa stoo. Daktari alipoingia nilikuwa nimesimama kando ya mizani.

"Daktari, mwizi nimempata."

"Ni nani?"

Nikainua mkono wa kulia.

Nilipomweleza mambo ya nyongeza hakucheka. Alitoa simu yake, akaiegemeza kwenye rundo la vitabu, akanitaka nipime chupa moja kama kawaida huku akinisemesha habari za mazishi ya jirani yake. Kisha tukatazama picha. Nasoma namba, naandika, nasoma tena, naandika tena. Namimina. Na kabla kifuniko hakijarudi, namuuliza daktari kama marehemu aliacha wajane, na kijiko kinarudi kwenye chupa nyeupe, kinachota kidogo, kinakung'utwa ndani ya maji ya bahari. Kwa ukarimu kabisa.

Daktari aliitazama picha ile mara mbili. Nikampenda kwa hilo.

"Tunaweza kuipima hiyo nyongeza," akasema. "Upime mara ishirini, tupate wastani, tuutoe kwenye namba za zamani. Leo hii tunatuma."

Ilikuwa njia fupi, na mwezi ulikuwa unakwisha. Nikamwambia haifai. Nyongeza ya mteja mpole si sawa na ya mteja mkali, na asubuhi si sawa na saa tisa nikiwa na njaa. Wastani wa vitu hivyo ni uongo uliopigwa pasi. Tulitakiwa kupima, tupime. Chupa zote, upya.

"Basi atapima mtu mwingine," akasema.

Hapo tukaanza biashara, na biashara naijua.

"Mlete. Atakuja na mkono wake na tabia zake ambazo hatuzijui. Huu wangu sasa tunaujua."

"Ufunike chupa ya chumvi kabla ya kumimina."

Nilijaribu mbele yake. Mkono ulirudi, kijiko kikagonga kifuniko mara mbili kama mgeni mlangoni, na mimi nikashtuka nikamwaga nje chumvi iliyokuwa imebaki kwenye kisahani. Tukapoteza chupa nzima.

"Siwezi kuunyima," nikamwambia. "Miaka yote hiyo umezoea kutoa. Tuupe pa kutoa."

Tukakubaliana kisahani cha pili. Kila nikishasoma na kuandika mara mbili, kabla ya kumimina, mkono unachota nyongeza yake na kuitia kwenye kisahani kile, karibu na mizani. Baada ya hapo unatulia. Namimina, nafunga, natikisa, na hauna la kudai. Jioni tunapima chupa nyeupe, tunapima kisahani, na jumla ya chupa zote pamoja na kisahani lazima ilingane na kilichopungua. Daktari aliandika utaratibu huo kwenye karatasi ya kazi, kwa lugha ya kisayansi, na mzee wa stoo alipousoma aliniomba nimfafanulie. Nilipomaliza akasema, "Kumbe mwizi amepewa kiti."

Siku ya kwanza jumla ililingana. Ya pili ililingana. Siku ya tatu umeme ukakatika tukiwa katikati ya maji ya baridi, nikaenda kwa wauza samaki, na kwa mara ya kwanza nikalipa bei waliyotaja bila kusimama kungoja iyeyuke. Yule mwenye barafu alinitazama kwa wasiwasi akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Tulipima chupa zote tulizokuwa tumezipima duru ya kwanza, kila moja katika kila joto, nikiinama kila mara kutafuta kiputo mpaka mgongo ukawa na maoni yake. Mita ndogo ilikuwa inatumbukizwa mwisho wa kila chupa, na daktari ndiye aliyeisoma, mimi nimegeuka ukutani ili nisimwone uso. Alikuwa anasema tu, "Sawa." Halafu, "Sawa." Siku ya mwisho nikageuka, nikamkuta anafuta miwani.

Tulituma zikiwa zimebaki siku mbili. Tukaeleza pia kosa lilitokea wapi, kwa sababu daktari alisema namba isiyo na historia yake ni uvumi. Nilimwomba asiandike "kosa la fundi". Tukavutana kidogo. Aliandika "desturi ya kupima katika masoko ya mahali, ambayo imetambuliwa na kudhibitiwa", na mimi nikakubali, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa inasikika kama ugonjwa wa heshima.

Barua ya kukubaliwa ilikuja daktari akiwa darasani. Mzee wa stoo ndiye aliyetumwa kuniita, akaniambia njiani, "Usitembee hivyo, wewe si mshitakiwa tena." Namba zetu zilikuwa zimekaa na za wenzetu bega kwa bega. Maji ya chumvi haba, ambayo ndiyo yaliyotuaibisha zaidi duru ya kwanza, sasa ndiyo yaliyokaa vizuri kuliko yote. Mmoja wao aliuliza kama anaweza kutumia utaratibu wa kisahani katika maabara yake, maana ana fundi ambaye hupiga chupa kidole mara mbili kabla ya kufunga na hajui kwa nini.

Mashine haikurudishwa. Ipo, inavuma hapa nyuma yangu ninapoandika.

Daktari alinichapia jedwali. Jumamosi nikalipeleka Koboko likiwa ndani ya bahasha ngumu, nimeliweka mapajani njia nzima. Mama hasomi Kiingereza, lakini mistari anaihesabu. Alipangusa chumvi mikononi kwa kitenge, akashika karatasi kwa ncha za vidole, akateremka na kidole mstari kwa mstari mpaka chini, kisha akarudi juu akaanza tena.

"Yenu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Neno Arua analijua kwa sura.

"Na hii kitu ya juu," akasema, akielekeza kidevu mbinguni, "ikitaka kujua chumvi ya bahari, inatazama hapa?"

"Inatazama hapa."

"Kwa kipimo chako."

"Kwa kipimo changu."

"Na hapana nyongeza."

"Hakuna, mama. Iko sawa na mdomo wa kopo."

Alifikiri. Mteja alikuwa amefika na mfuko, amesimama anasubiri, mama hakumtazama. Aliirudisha karatasi ndani ya bahasha yenyewe, bila kuikunja, akaiweka juu ya gunia lililofungwa mahali pakavu, akaniambia niikalie upepo usiichukue. Kisha akamgeukia yule mteja, na kabla hata hajamuuliza anataka makopo mangapi, akamwambia:

"Unaona huyu? Huyu ni mutoto yangu. Yeye anapima bahari."

Mteja akanitazama, akalitazama gunia, akauliza kama kwa sababu hiyo leo chumvi itapungua bei. Mama akasema hapana. Akampimia makopo mawili, akayapara vizuri. Nikautazama mkono wake ukirudi ndani ya gunia, nikabaki nimekaa juu ya bahasha yangu, sikuhesabu.